Rimu na Matairi ya Gari la Kale: Mwongozo Kamili kwa Wenye Magari wa Nakuru, Kisumu na Magharibi mwa Kenya

Mercedes W123 inanyooshwa bodi, inapakwa rangi yake ya kiwandani, viti vinashonwa upya, kisha inavalishwa rimu za inchi 17 zilizotoka kwenye Toyota. Ikitoka gereji usukani ni mzito, tairi linasugua fenda kwenye kila tuta, na baada ya wiki chache boliti zimeanza kulegea. Mwenye gari anarudi kwa fundi wa alaimenti (upangaji wa pembe za magurudumu), kumbe tatizo halikuwa alaimenti.

Makosa ni yale yale matatu. Watu hununua rimu kwa sababu tundu "zinaingia". Huchagua tairi kwa sura badala ya kimo. Au hupata tairi la saizi sahihi kabisa, ambalo limekaa stoo miaka kumi na tano.

Mwongozo huu unaanzia kwenye habu, yaani sehemu ya gari ambayo rimu hufungwa, unaenda kwenye rimu, na tairi linafuata baadaye. Wengi huenda kinyume kwa kuwa tairi ndilo linaloonekana limepangwa kando ya barabara. Ukifuata mpangilio huu, ukifika dukani utakuwa na saizi mbili au tatu tu za kuulizia, na hakuna muuzaji atakayekuyumbisha.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kitabu cha mwenye gari cha mwaka wa gari lenyewe, au picha ya kibandiko cha upepo kwenye fremu ya mlango au ndani ya kifuniko cha tangi
- Rula ya chuma ya sentimita 30 na vernia (kifaa cha taya cha kupimia vipenyo)
- Ubao ulionyooka wa sentimita 60 hivi
- Jeki moja na stendi mbili (matofali hayahesabiki kuwa stendi)
- Brashi ya waya, tochi na chaki
- Plastisini ya kuchezea watoto, kipande cha ukubwa wa ngumi
- Geji ya upepo ya kwako mwenyewe
- Spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza), hata ya kuazima
- Simu yenye kikokotoo

## Hatua ya 1: Jua gari lilitoka kiwandani limevaa nini

Saizi za zamani huandikwa kwa namna mbili. 5.60-15 ni tairi la krosplai, aina ya zamani yenye nyuzi zinazopishana kwa mshazari: upana wa inchi 5.60 kwa rimu ya inchi 15. 165SR15 ni la radiali, lenye nyuzi zinazokatiza moja kwa moja kutoka mdomo hadi mdomo: upana wa milimita 165, herufi S ya mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa, R ya radiali, rimu ya inchi 15. Usipoona namba ya kimo cha ubavu, chukulia asilimia 80 ya upana au zaidi kidogo. Hapo ndipo wengi hupotea: wanaona 175 na 14, wananunua 175/65R14, na gari linashuka kama limezama.

Haya ni baadhi ya magari yanayoonekana sana huku kwetu:

- Volkswagen Beetle: inchi 15. 5.60-15 kwa za mwanzo, baadaye 155SR15 au 165SR15. Boliti tano kwenye duara la mm 205 kwa za zamani. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 nyingi zina boliti nne, mm 130.
- Mercedes W123: rimu ya 5½J×14 (namba ya J ni upana kwa inchi), ofseti 30 (mm kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaogusa habu), boliti tano mm 112. Matairi 175SR14 au 195/70R14 kulingana na injini.
- Peugeot 504: inchi 14, nne mm 140. Saluni nyingi zilivaa radiali ya 175-14.
- Datsun 1200: inchi 12, 6.00-12 au 155SR12, nne mm 114.3.
- Datsun 1600: inchi 13, 5.60-13 au 165SR13, nne mm 114.3.
- Ford Escort ya kwanza na ya pili: nyingi inchi 13, 155SR13 au 165SR13, nne mm 108.
- Mini: inchi 10, 5.20-10 au 145SR10, nne mm 101.6. Morris Minor ina duara hilohilo lakini rimu ni inchi 14.
- Land Rover Series: inchi 16, 6.00-16 kwa fupi, 7.50-16 kwa ndefu, tano mm 165.1.

Usichukue orodha hii badala ya kupima. Magari haya yameishi miaka hamsini mikononi mwa mafundi wa kila aina. Beetle ya 1965 inaweza kuwa na ngoma za breki za 1972, na Escort inaweza kuwa na eksili ya gari jingine kabisa.

Umefaulu ukiwa na: saizi ya tairi ya awali, upana wa rimu kwa inchi, na mwaka wa gari, vyote vimeandikwa kwenye karatasi.

## Hatua ya 2: Pima habu

Inua gari, liweke kwenye stendi, toa gurudumu moja la mbele na moja la nyuma. Usidhani mbele na nyuma ni sawa.

Duara la nati. Kwenye habu ya stadi nne (skrubu zinazotokeza, au tundu zake kama gari hutumia boliti), pima kutoka katikati ya stadi moja hadi katikati ya ile inayotazamana nayo. Stadi tano hazitazamani, kwa hiyo pima kati ya mbili zilizo jirani kisha zidisha kwa 1.701. Ukipata mm 65.8, hiyo ni 112. Ukipata mm 67.2, hiyo ni 114.3.

Tazama hizo namba mbili tena. Tofauti ni chini ya milimita moja na nusu, na ndiyo iliyoharibu Mercedes nyingi. Rimu za 5×114.3 zimejaa nchini kwa sababu Toyota na Nissan nyingi hutumia duara hilo. Kwenye habu ya 112 boliti moja au mbili zitakaa sawa, zilizobaki zitavutwa kando. Fundi akikaza kwa bunduki ya upepo hutaona kitu. Lakini rimu imekaa kwa kuegemea upande, boliti zinapinda kidogo kila mzunguko, na siku moja, mojawapo inakatika. Kadhalika rimu za Probox, ambazo ni 4×100, hazina kazi kwenye Datsun wala Escort, hata zikiwa bei ya kutupa.

Tundu la katikati. Pima kipenyo cha kitovu cha habu kwa vernia. Rimu yenye tundu dogo kuliko kitovu haitakaa kabisa. Yenye tundu kubwa itahitaji pete ya kujaza nafasi, au itegemee nati peke yake kukaa katikati.

Uzi wa stadi. Toyota na Mercedes za M12 (unene wa mm 12) zina uzi wa 1.5, yaani mm 1.5 kati ya mzunguko mmoja wa uzi na unaofuata. Datsun ni M12 yenye uzi wa 1.25. Unene ni uleule, na nati ya Toyota itashika uzi wa kwanza au wa pili kwenye stadi ya Datsun kabla ya kukwama. Mwenye haraka huongeza nguvu, na hapo stadi imeisha. Magari ya Uingereza ya enzi hizo, kama Mini na Escort, mengi yana uzi wa inchi, kwa hiyo nati ya Kijapani isijaribiwe hata mara moja.

Umefaulu ikiwa: nati inaingia kwa vidole viwili hadi mwisho wa uzi bila kukwaruza. Ikikataa vidole, usiipe spana.

## Hatua ya 3: Chagua rimu, kisha ikague kana kwamba unainunua kwa adui

Kuna njia tatu za heshima. Ya kwanza ni rimu ya chuma ya kiwandani na kofia yake. Ni ya bei ndogo, inanyooka ikipinda, na kwa macho ya majaji wa Concours d'Elegance, mashindano ya urembo wa magari kule Nairobi, ndiyo salama zaidi. Ya pili ni rimu ya ziada iliyouzwa enzi za gari lenyewe: Minilite kwa Mini na Escort, Rostyle kwa magari ya Uingereza, Watanabe yenye mikono minane kwa Datsun, au aloi ya Fuchs iliyouzwa pamoja na Mercedes za miaka ya 1970. Ya tatu ni nakala mpya za rimu hizo, na hakuna ubaya ikiwa kipimo ni sahihi.

Maoni yetu ni haya: kwa gari linalotembea barabara za Nakuru, Kericho au Bungoma kila wiki, chuma ndicho chaguo la kwanza. Shimo linalopasua aloi hupinda chuma tu, na chuma kilichopinda kidogo hurudishwa na fundi mzuri kwa asubuhi moja.

Rimu yoyote iliyotumika ipite ukaguzi huu kabla ya pesa kutoka mfukoni:

1. Isugue kwa brashi ya waya kuzunguka tundu za nati na kati ya matundu ya hewa. Mwangaza wa tochi ukiwa wa pembeni, ufa mwembamba huonekana kama unywele. Rimu yenye ufa haichomelewi, hutupwa.
2. Tazama tundu za nati. Zikiwa zimerefuka upande mmoja badala ya kuwa duara, rimu ilitembea ikiwa imelegea. Achana nayo.
3. Pitisha kidole mahali mdomo wa tairi unapokaa. Kutu ya juu juu husuguliwa. Kutu iliyochimba vishimo haitashika upepo bila tyubu.
4. Ifunge kwenye habu bila tairi, weka kipande cha waya karibu na ukingo, izungushe kwa mkono. Ikiyumba zaidi ya milimita moja na nusu, ipelekwe kunyooshwa kwanza.
5. Aloi ya zamani iliyopakwa rangi nene itiliwe shaka. Rangi huficha mshono wa kuchomelea, na rimu za magnesiamu huliwa na unyevu kutoka ndani.

Kuna biashara ya kupanua rimu: inakatwa katikati, inaongezwa kipande, inachomelewa. Usikubali. Mviringo ukikosea kidogo, hutabalansi rimu hiyo maisha, na mshono ukifunguka kwenye mteremko wa Sachangwan hakuna wa kukusaidia.

Ofseti. Hiki ndicho kipimo kinachorukwa kuliko vyote. Laza rimu kifudifudi, weka ubao juu ya ukingo wa nyuma, pima kutoka kwenye ubao hadi uso unaogusa habu. Upana mzima wa rimu ni namba ya J mara 25.4, ongeza mm 25 za unene wa kingo mbili. Gawanya kwa mbili, kisha uutoe kwenye kipimo chako.

Mfano: rimu ya 5½J ina upana mzima wa karibu mm 165, nusu yake 82.5. Ukipima mm 112 kutoka ubao hadi uso wa habu, 112 kutoa 82.5 ni karibu 30. Hiyo ndiyo ofseti ya W123.

Kaa ndani ya mm 5 za ofseti ya kiwandani. Gurudumu likitoka nje zaidi, uzito wa gari huivuta beringi ya nje, na usukani huanza kufuata kila mfereji uliochimbwa na malori. Likiingia ndani zaidi, tairi litagusa shoki au bomba la breki.

Ukipaka rimu rangi upya, funika kwa tepu viti vya nati na uso unaogusa habu. Rangi ya unga ikibaki hapo hubanwa ikapungua unene, na nati iliyokazwa vizuri Jumatatu inakuwa imelegea Ijumaa.

Viti vya nati vilingane. Rimu za chuma za Beetle na Mercedes zina kiti cha mviringo kama bakuli, na boliti zake zina kichwa cha mviringo. Rimu nyingi za Kijapani na nyingi za ziada zina kiti cha pembe, chenye nati za umbo la koni. Koni kwenye bakuli hugusa mstari mwembamba tu. Pia aloi ni nene kuliko chuma, kwa hiyo boliti zake ni ndefu. Ukirudisha rimu za chuma usizitumie hizo ndefu: ncha zitatokeza nyuma ya habu na kugonga vitu vya breki.

## Hatua ya 4: Geuza saizi ya zamani kuwa saizi inayopatikana

Kanuni ni moja. Kipenyo cha tairi ni inchi za rimu mara 25.4, jumlisha mara mbili ya upana ukizidishwa kwa asilimia ya kimo. Lengo ni kubaki ndani ya asilimia 2 ya kipenyo cha awali. 3 ni mwisho.

175R14 ya Peugeot au Mercedes. 14 × 25.4 ni 355.6. Jumlisha 2 × 175 × 0.80, yaani 280. Jumla mm 635.6. Sasa linganisha:

- 195/70R14: mm 628.6, pungufu ya asilimia 1. Nzuri, mradi rimu ni 5½J.
- 185/70R14: mm 614.6, pungufu ya asilimia 3.3. Imevuka mpaka, kwa hiyo ni ya dharura tu: gari litakaa chini na mita ya spidi itasoma juu kuliko mwendo halisi.
- 185R14C ya magari ya mizigo: karibu mm 650, zaidi kwa asilimia 2. Inaingia na inapatikana kwa urahisi, lakini ubavu ni mgumu. Saluni tupu itarukaruka. Kwa 504 ya pikapu inafaa sana.
- 205/45R17, ile inayopendwa na vijana: mm 616. Kipenyo hakiko mbali, ila ubavu umeshuka kutoka mm 140 hadi 92. Shimo lile lile ambalo ubavu mrefu ungelimeza sasa linafika kwenye rimu.

165R15 ya Beetle. Kipenyo ni karibu mm 645. Wauzaji watakupa 195/65R15 kwa sababu iko kila duka. Kipenyo chake ni 634.5, kinakubalika, lakini rimu ya Beetle ni 4J au 4½J na tairi hilo linataka 5½J kwenda juu. Likilazimishwa, mdomo hubanwa, uso wa tairi unavimba katikati, na kona zinakuwa za kuogelea. Tafuta 165/80R15, au 155/80R15 yenye mm 629.

155R13. Kipenyo mm 578. Hapa una bahati: 175/70R13 ni mm 575, inakaa vizuri kwenye rimu ya 5J, na bado ipo madukani Nakuru na Kisumu.

155R12 ya Datsun 1200. Kipenyo mm 553. Matairi ya 145R12 ya pikapu ndogo za Kijapani ni mm 537, pungufu ya asilimia 3. Yanatumika, ingawa gari litaimba kwa juu barabara kuu.

Land Rover. 7.50-16 bado inauzwa kwa sababu ya Land Cruiser za kazi. Kwa 6.00-16, radiali ya 205R16 ndiyo jirani wa karibu.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni kama inafaa kuagiza matairi ya klasiki yenyewe. Yapo: Michelin bado hutoa XZX ya 165SR15, Vredestein hutoa Sprint Classic, Pirelli wamerudisha Cinturato za zamani. Uso wake, herufi zake na mviringo wa bega ni vya enzi yake, na gari huonekana limekamilika. Kwa gari la maonyesho, agiza. Kwa la kwenda Ahero na kurudi, pesa hizo zinunue seti mbili za kawaida za saizi sahihi. Ukiagiza, muulize wakala wa forodha kuhusu ukaguzi wa KEBS, shirika la viwango la Kenya, kabla ya kulipa chochote.

Onyo: usichanganye krosplai na radiali kwenye eksili moja. Ukiwa na jozi mbili tofauti, radiali ziende nyuma. Zikiwa mbele, ncha ya mbele hushika kuliko ya nyuma, na kona yenye mvua itakugeuza.

## Hatua ya 5: Soma ubavu kabla ya kulipa

Tafuta neno DOT. Namba nne za mwisho ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Ukiona tatu tu, tairi lilitengenezwa kabla ya 2000, hata kama meno yake ni mapya kabisa na bado lina vinyweleo vya kiwandani.

Saizi za zamani ndizo hukaa stoo kwa muda mrefu, kwa hiyo hatari hii ni yetu kuliko ya mwenye Vitz. Muuzaji atakuambia "ni mpya, haijawahi kufungwa", naye hasemi uongo. Mpira hukauka hata ukiwa kwenye rafu. Ukunje ubavu kwa nguvu: nyufa ndogo zikifunguka, rudisha. Likizidi miaka sita, likaguliwe kila mwaka. Likifika kumi, liondoke barabarani. Tairi za chapa ya Yana zilizotoka kwenye kiwanda cha Nairobi, kilichofungwa 2016, zihesabu kuwa pambo la ukutani.

Namba ya uzito: 82 ni kilo 475 kwa kila tairi, 88 ni 560, 91 ni 615. Gari la familia lililojaa watu saba na magunia ya viazi kutoka Molo halitaki 82.

Ukanda mweupe ubavuni unafaa magari ya miaka ya 1950 na 1960. Ule wa kupachika, wa mpira, hukusanya mchanga na kuula ubavu polepole. Ama ununue tairi lenye ukanda wake, ama ukae na jeusi.

## Hatua ya 6: Amua kuhusu tyubu

Rimu za zamani nyingi hazina kile kituta cha ndani kinachozuia mdomo wa tairi kuteleza. Za Land Rover Series zina ribiti zinazopitisha hewa, na za waya zina tundu kila mahali. Zote hizi ni za tyubu. Fundi akikuambia atapaka silikoni ndani, mshukuru na uondoke.

Tyubu iwe ya saizi ya tairi. Ikiwa kubwa hukunjika, na mkunjo huwa pancha. Toa kila kibandiko ndani ya tairi, pitisha mkono kutafuta mistari iliyoinuka ya mpira, paka poda ya talki. Rimu ya waya iwekewe utepe wa kufunika vichwa vya spoki, 7.50-16 iwekewe flapu, utepe wa mpira unaokaa kati ya tyubu na rimu.

Umefaulu ikiwa: vali inasimama wima baada ya kilomita 100. Ikianza kuinama, tairi linateleza kwenye rimu na tyubu inavutwa nalo.

## Hatua ya 7: Jaribu gurudumu moja kwanza

Mwombe muuzaji akufungie moja tu. Wauzaji wenye gereji yao hukubali.

Bandika vipande vya plastisini ndani ya fenda, kwenye shoki na kwenye mkono wa usukani. Shusha gari, lijaze watu wanne, zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili, kisha pita juu ya tuta kwa mwendo wa mtu anayetembea. Toa gurudumu, pima unene wa plastisini iliyobaki. Unataka mm 10 upande wa fenda na si chini ya mm 5 upande wa shoki. Penye alama ya chini ya hapo, tairi litagusa siku ya mzigo.

Kwenye 504 na Beetle jaribu nyuma kwa uzito zaidi. Beetle hubadilisha mwinamo wa gurudumu la nyuma inaposhuka, na bega la tairi pana hukutana na fenda mapema kuliko unavyotarajia.

## Hatua ya 8: Funga na kubalansi

Kaza kwa mkono kwanza, kwa mpangilio wa msalaba au nyota, gari likiwa juu. Malizia kwa spana ya torki likiwa chini. Stadi ya M12 hutaka karibu Nm 90 hadi 110. Stadi ya Mini ni ya inchi 3/8 na hutaka karibu 60. Ukiikaza kama ya Mercedes utaikata au uivute hadi irefuke.

Mashine ya kubalansi hushika rimu kwa koni kwenye tundu la katikati. Rimu za Beetle za boliti tano zina tundu kubwa kuliko koni nyingi, kwa hiyo fundi atasema rimu imepinda wakati imekaa vibaya kwenye mashine. Uliza kama wana sahani ya kushika kwa tundu za boliti. Kama hawana, nenda kwingine.

Rudia kukaza baada ya kilomita 50 hadi 80. Kutoka Nakuru hiyo ni kama kufika Naivasha.

## Hatua ya 9: Upepo, na mambo ya milima

Ukiacha kituo cha mafuta kijiamulie, utapewa psi 35 kila kona. Kwenye Beetle hiyo ni balaa: radiali zake hutaka karibu psi 18 mbele na 27 nyuma, kwa sababu injini iko nyuma. Ukiweka 35 mbele, usukani utakuwa mwepesi wa kutisha na gari litarushwa na upepo wa malori. Fuata kitabu, ongeza psi 2 au 3 kwa mzigo kamili, na pima asubuhi kabla gari halijatembea.

Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Timboroa hupita 2,700. Geji hupima tofauti ya ndani na nje, na hewa ya nje ikipungua hivyo geji husoma juu kwa karibu psi 2. Wakati huohuo baridi ya Timboroa huishusha karibu kiasi kilekile. Kwa hiyo usipunguze wala kuongeza njiani. Anayepunguza upepo juu mlimani akiwa na matairi ya moto hurudi Kisumu na matairi laini, kisha yanapata moto zaidi uwanda wa Kano.

Usisahau la akiba. Liwe na kipenyo sawa na mengine, na boliti zake ziwe ndani ya gari ikiwa seti kuu ni ya aloi. Beetle nyingi huvuta upepo wa kuoshea kioo kutoka tairi la akiba, kwa hiyo hilo huwekwa psi 42.

## Dalili za wiki za kwanza na maana yake

- Usukani unatetemeka kati ya kilomita 80 na 100 kwa saa, kisha unatulia: balansi, au rimu haijakaa katikati ya habu.
- Unatetemeka kwa mwendo mdogo pia: rimu imepinda au tairi lina uvimbe. Rudia jaribio la waya.
- Gari linavuta upande mmoja: badilisha magurudumu ya mbele kushoto na kulia. Likivuta upande mwingine, ni tairi. Lisipobadilika, ni alaimenti au breki.
- Meno yanaliwa katikati: upepo mwingi, au tairi pana kwenye rimu nyembamba. Yakiliwa kingo zote mbili, upepo ni mdogo.
- Sauti ya kugonga kila mzunguko baada ya kukaza: simama papo hapo. Boliti ni ndefu mno au nati imelegea, na zote mbili hukaguliwa kwa kutoa gurudumu, si kwa kuendesha polepole hadi nyumbani.